Maharage yana cheti, mtoto hana: Shule za mijini na watoto wa wakimbizi

KAMPALA

Mfanyabiashara anayevusha maharage pale Busia anaujua utaratibu. Kama mzigo hauzidi thamani ya dola 2,000 na bidhaa imo kwenye orodha ya pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, anajaza fomu moja ya asili ya bidhaa, afisa anagonga muhuri, na maharage yanavuka yakiwa maharage. Hakuna anayemwambia kwamba, kwa kuwa yamelimwa upande wa pili, yarudi kwanza kuwa mbegu.

Kwa watoto mambo ni tofauti. Msichana wa miaka 12 aliyefika darasa la sita Goma, akikimbia vita na mama yake hadi Kampala, anaweza kujikuta ameketi darasa la tatu, magoti yakigonga dawati, akisoma na watoto wa miaka minane. Hesabu anazijua. Kusoma anajua. Kinachokosekana ni lugha ya darasa la huku, na karatasi ambayo mwalimu mkuu wa huku anaweza kuisoma na kuiamini.

Hilo ndilo jambo linalozisumbua shule za miji mikubwa ya ukanda huu, kuanzia Katwe hadi Eastleigh hadi Nyamirambo. Mlango wa shule, kwa sehemu kubwa, uko wazi kisheria. Tatizo linaanza mtoto akishaingia: awekwe darasa gani, afundishwe kwa lugha gani, na nani alipe kiti chake? Kwa wasomaji wanaoishi kwa kuvuka mipaka, habari hii si ya mbali. Wakimbizi wengi wa mijini ni wafanyabiashara wenzao, na mfanyabiashara wa leo anaweza kuwa mkimbizi kesho, kama walivyojifunza watu wa Bunagana Juni 2022 na watu wa Goma Januari 2025.

Jiji lisilo na mgao

Uganda inahifadhi zaidi ya wakimbizi milioni 1.7, idadi kubwa kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Wengi wanaishi kwenye makazi ya vijijini kama Nakivale, Kyangwali na Bidibidi, ambako hupewa kipande cha ardhi. Lakini sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kutembea na kufanya kazi, na zaidi ya 100,000 wameamua kukaa Kampala. Wakongomani wamejaa Katwe, Nsambya na Makindye. Wasomali wako Kisenyi. Waeritrea na Waethiopia wanaonekana zaidi Kabalagala na Kansanga. Vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023 vimeleta kundi jingine, wengi wao watu wa mjini waliosoma kwa Kiarabu.

Anayechagua jiji anachagua kujitegemea. Huku hakuna shamba wala mgao wa chakula. Baada ya kujiandikisha kwenye ofisi ya serikali ya Old Kampala, familia inatafuta chumba na biashara. Mama anaweka vitenge begani na kuzunguka navyo mitaani, baba anashona au anabeba mizigo, na karo ya watoto inatoka kwenye faida ya siku.

Katika elimu ya msingi, sheria hiyohiyo ya 2006 inasema mkimbizi atendewe sawa na raia. Kwa hiyo mtoto wa Bukavu ana haki ya kuketi katika shule ya serikali inayosimamiwa na Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, chini ya mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulioanza mwaka 1997. Kwenye karatasi shule hizo hazitozi karo. Mzazi yeyote wa Kampala anajua kwamba sare, madaftari, chakula cha mchana na michango midogomidogo havijifuti. Raia analalamika halafu anakopa kwa ndugu. Mkimbizi aliyefika mwezi uliopita hana ndugu wa kumkopa.

Ngazi zisizolingana

Mwalimu mkuu anayempokea mtoto huyo ana kazi ya kulinganisha ngazi ambazo hazikujengwa kulingana. Uganda ina miaka saba ya msingi. Kongo na Rwanda zina sita. Burundi, tangu mwaka 2013, ina shule ya msingi ya miaka tisa mfululizo. Sudan Kusini ina minane. Kenya iliacha mfumo wa 8-4-4 na kuingia mtaala mpya, na Watahiniwa wake wa mwisho wa KCPE walifanya mtihani mwaka 2023. Mtoto aliyemaliza msingi Kongo na kufaulu mtihani wa taifa wa darasa la sita, kwao anahesabiwa amehitimu. Kampala bado ana darasa la saba na mtihani wa PLE mbele yake.

Kalenda nayo inavuruga. Mwaka wa shule wa Kongo na Burundi huanza Septemba na kuisha katikati ya mwaka unaofuata. Wa Uganda huanza Februari na kuisha Desemba. Familia zilizoikimbia Goma mwishoni mwa Januari 2025 zilitoka katikati ya mwaka wa masomo na kukuta Kampala inajiandaa kufungua mwaka mpya. Mtoto aliyekuwa amefika nusu ya darasa la tano aingie la tano upya, au aruke hadi la sita? Akirudia amepoteza nusu mwaka. Akiruka atakutana na mambo ambayo hajawahi kuyaona. Na kwa aliye karibu na PLE, usajili wa watahiniwa hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka. Anayefika baada ya hapo anasubiri mwaka mzima.

Kisha kuna lugha. Kisera, shule za Uganda hufundisha kwa lugha ya eneo katika madarasa matatu ya kwanza, kisha darasa la nne ni la kuhamia Kiingereza. Kampala, jiji la lugha nyingi, Kiingereza hushika tangu mwanzo. Mtoto wa mashariki ya Kongo alianza shule kwa Kiswahili na kuendelea kwa Kifaransa. Wa Burundi alifundishwa Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili tangu madarasa ya chini, lakini masomo yake aliyaendeleza kwa Kifaransa. Wa Khartoum aliandika kutoka kulia kwenda kushoto.

Hata hesabu, ambazo wengi hudhani hazina lugha, zinabadilika mpakani. Shule za Kifaransa huandika tatu na nusu kwa mkato, 3,5. Za Kiingereza huandika kwa nukta, 3.5. Mkato huohuo shule za Kiingereza huutumia kutenganisha maelfu. Namna ya kupanga hesabu ya kugawanya kwa urefu ni tofauti kabisa, mgawanyo unakaa upande mwingine wa mstari. Mtoto anapata jibu sahihi, mwalimu anaona michoro asiyoielewa, anaweka mkasi. Mtoto aliyefundishwa mwandiko wa kuunganisha herufi anaambiwa daftari lake halisomeki. Hakuna kati ya makosa hayo linaloonyesha kwamba mtoto hajui. Yote yanamsukuma chini.

Kushushwa darasa na bei yake

Njia iliyozoeleka shuleni ni jaribio la siku ya kwanza. Mtoto anapewa karatasi ya Kiingereza, anashindwa kuisoma, anapangwa chini madarasa mawili au matatu. Si ukatili. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hana saa ya ziada ya kumfundisha mmoja lugha, na shule inapimwa kwa matokeo ya PLE, mtihani unaofanywa kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Kumweka mtoto pale atakapoelewa mwalimu anachosema kunaonekana ni kumsaidia.

Lakini kila darasa analoshuka lina bei. Kwa mzazi ni mwaka mmoja zaidi wa sare, chakula na michango. Kwa mtoto ni umri. Mvulana wa miaka 14 aliyeketi darasa la nne anaanza kuona aibu, kisha anaona fedha inayopatikana kwa kubeba mizigo. Msichana wa umri huo anaanza kusikia habari za posa. Mtoto anayeshuka madarasa matatu hatoki shuleni siku hiyo. Anatoka miaka miwili baadaye, na wakati huo hakuna anayeandika kwamba sababu ilikuwa lugha.

Kwa waliokwisha kupitwa na umri, Uganda inao mpango wa masomo ya kasi unaobana miaka saba ya msingi katika ngazi tatu, kwa vijana wa miaka 10 hadi 18. Ngazi ya kwanza inabeba darasa la kwanza hadi la tatu, ya pili la nne na la tano, ya tatu la sita na la saba. Umekuwa mkombozi kwa wengi, ila umekita zaidi kwenye makazi ya wakimbizi vijijini kuliko kwenye vichochoro vya Katwe.

Jijini pengo limezibwa kwa kiasi kikubwa na wakimbizi wenyewe. Mwaka 2007 vijana wa Kikongomani, akiwamo Robert Hakiza, walianzisha Kampala chama cha YARID. Walianza kwa kuwakusanya vijana kwenye mpira, kisha wakagundua kwamba kizuizi cha kila kitu, kuanzia kazi hadi hospitali, kilikuwa Kiingereza, wakafungua madarasa. Makanisa na vyama vingine vya jamii vina madarasa ya aina hiyo, ya asubuhi kwa mama wa biashara na ya mchana kwa watoto wanaosubiri kuingia shule. Ndani ya shule zenyewe, mkalimani wa kwanza kwa kawaida ni mtoto mwingine: Mkongomani aliyefika miaka miwili kabla, anayeketishwa pembeni ya mgeni na kumnong'oneza.

Mnong'ono huo unafaa kwa wiki mbili. Hauwezi kuwa mfumo.

Fedha hufuata makazi

Septemba 2018 Uganda ilizindua mpango wa elimu kwa wakimbizi na jamii zinazowapokea, wa miaka mitatu na nusu, uliokadiriwa kugharimu dola milioni 389. Ulisifiwa kwa kuwa wizara ya elimu yenyewe ndiyo iliyoushika, badala ya kuyaachia mashirika. Ulijenga madarasa, uliajiri walimu, na ulitambua kazi ya wasaidizi wa darasa, yaani wakimbizi wanaoijua lugha ya watoto na kumfasiria mwalimu.

Uzito wa mpango huo, hata hivyo, ulikuwa kwenye wilaya zenye makazi ya wakimbizi. Inaeleweka: huko ndiko wengi waliko, na huko mtoto mkimbizi anaonekana kwa macho. Mjini amepotea ndani ya darasa la watoto 80. Shule ya jiji yenye wageni 40 kutoka nchi tano haina mfadhili anayekuja kupiga picha na kibao. Mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake mingi ya nje, hata ile sehemu ndogo iliyokuwa ikifika mijini kupitia mashirika ikaanza kukauka. Ndipo tofauti ikaonekana. Kilichokuwa kimeingia kwenye bajeti ya shule kilibaki. Kilichokuwa kimetundikwa kwenye mradi kiliondoka na mradi.

Nairobi: mtoto bila namba

Nairobi ina historia nyingine. Kenya kwa muda mrefu ilitaka wakimbizi wakae Dadaab na Kakuma, lakini makumi ya maelfu wamejenga maisha yao Eastleigh, Kayole, Kasarani na Kawangware. Desemba 2012 serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wote wa mijini warudi kambini. Julai 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilifuta agizo hilo. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, ukaja msako wa Usalama Watch, maelfu wakakamatwa na wengi kushikiliwa katika uwanja wa Kasarani.

Shule huyasikia mambo hayo kabla ya magazeti. Wazazi wanapoogopa kutoka nje, viti vya darasani hubaki vitupu. Mwalimu wa Eastleigh hahitaji kuambiwa kuna msako, anauona kwenye daftari la mahudhurio. Hili ni somo la kwanza la Nairobi: shule haiwezi kumpokea vizuri mtoto ambaye jiji lenyewe halijaamua kama anaruhusiwa kuwapo.

Somo la pili ni la karatasi. Tangu mwaka 2003 elimu ya msingi Kenya haina karo, na Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Imeandika kila mtoto, haikuandika kila raia. Lakini ruzuku ya serikali, shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, hufuata mtoto aliyesajiliwa kwenye mfumo wa kompyuta. Mfumo wa NEMIS ulipoanza mwaka 2017 uliegemea namba ya cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa Mogadishu au Uvira katikati ya mapigano hana cheti hicho. Mwalimu mkuu akimpokea, anapokea tumbo la kulisha na daftari la kusahihisha bila shilingi ya kumfuata. Wenye moyo hupokea. Wanaobanwa na madeni ya shule humwambia mzazi arudi na karatasi.

Sheria mpya ya wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, na mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025, zimebadili sauti ya serikali. Sasa inazungumzia kuwaunganisha wakimbizi na huduma za taifa. Hata hivyo mpango wa Shirika nao umeanza na Kakuma na Dadaab. Jiji limesubiri tena.

Nairobi ina ugumu wake wa lugha. Kiingereza peke yake hakitoshi, Kiswahili nacho ni somo la lazima na la mtihani. Kwa mtoto wa Kisomali au wa Sudan Kusini ni lugha mbili mpya kwa pamoja. Mtoto wa Bukavu ana nafuu, ingawa mwalimu atamsahihisha Kiswahili chake cha nyumbani hadi ashangae kama ni lugha ileile.

Kigali: miezi sita kabla ya darasa

Rwanda inatoa mfano wa tatu, na labda ndio wenye funzo la wazi zaidi. Nchi hiyo yenyewe ilipitia mabadiliko ambayo mtoto mkimbizi anayapitia: mwaka 2008 iliamua kuachana na Kifaransa kama lugha ya kufundishia na kuhamia Kiingereza, na walimu wake wengi walijifunza lugha hiyo huku wakiifundisha.

Aprili 2015 Warundi walipoanza kumiminika, wengi wakipelekwa kambi ya Mahama na maelfu wengine wakipanga nyumba Kigali na Huye, tatizo lilijulikana mapema. Kirundi na Kinyarwanda vinaelewana, kwa hiyo watoto wangecheza pamoja siku hiyohiyo. Darasani ndipo wangekwama, kwa sababu mmoja alisoma kwa Kifaransa na mwingine kwa Kiingereza. Serikali, pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya watoto na wakimbizi, iliweka kipindi cha maandalizi cha miezi sita: Kiingereza na mtaala wa Rwanda kwanza, kisha kuingia shule za kawaida pamoja na watoto wenyeji.

Tofauti ya hesabu iko wazi. Miezi sita ya kufundishwa lugha ni nusu ya mwaka mmoja. Kushushwa madarasa matatu ni miaka mitatu. Njia ya kwanza inahitaji mwalimu, chumba na mpango. Ya pili haihitaji chochote, ndiyo maana miji huichagua pasipo hata kuamua. Inaonekana ya bure kwa kuwa bili haiendi ofisi yoyote. Inaenda kwa mama mwenye vitenge begani.

Mikataba iliyopishana

Viongozi wa ukanda hawajanyamaza. Desemba 2017 nchi za IGAD zilikutana Djibouti na kukubaliana kuwaingiza watoto wakimbizi katika mifumo ya elimu ya taifa na kutambua vyeti na walimu wao. Uganda na Kenya zimo. Kongo, Burundi na Rwanda si wanachama wa IGAD, na Wakongomani ni sehemu kubwa ya wakimbizi wa Kampala.

Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweza kuziba pengo hilo. Kongo imo tangu Julai 2022. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, ina kifungu cha 11 kinachotaka nchi zitambuliane vyeti vya elimu na taaluma. Kazi iliyofanyika chini yake ni ya kweli: wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wana makubaliano yao. Vyuo vikuu vina baraza lao, lenye makao hapahapa Kampala, na mwaka 2017 ukanda ulitangazwa kuwa eneo moja la elimu ya juu.

Yaani mhandisi ana njia. Mwanafunzi wa chuo ana njia. Gunia la maharage lina njia. Mtoto wa darasa la tano hana. Hakuna fomu ya pamoja, ya ukurasa mmoja, inayosema kwa lugha tatu kwamba mtoto huyu alifika hapa katika hesabu, hapa katika kusoma, na kwamba darasa la tano la Goma linalingana na darasa fulani la Kampala. Nchi zilizoweza kukubaliana orodha ya bidhaa na thamani ya mzigo haziwezi kusema kwamba kulinganisha madarasa sita ni kazi ngumu mno.

Mwalimu aliyeketi sokoni

Jambo jingine linashangaza zaidi. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Tangu hapo wimbo umekuwa mmoja: walimu hawatoshi.

Wakati huohuo, miongoni mwa wakimbizi wa Kampala wapo waliofundisha shule za Bukavu, Uvira na Bujumbura, wanaozungumza Kiswahili tangu utotoni na Kifaransa cha kazi. Wengi wao leo wanauza mitumba au wanafundisha masomo ya jioni kwa ujira wa nauli, kwa sababu vyeti vyao vya ualimu havijatambuliwa. Kiswahili chao kinahitaji kunyooshwa kufuata usanifu, na hilo kozi fupi inaweza. Mtu huyo angeweza kuwafundisha Waganda Kiswahili asubuhi na kuwafasiria Wakongomani hesabu mchana. Jiji lina hitaji mbili zinazotibiana, ila zinaketi ofisi tofauti.

Anachoweza kufanya mzazi mfanyabiashara

Wakati serikali zinakutana, mzazi ana hatua za kuchukua. Ya kwanza ni karatasi. Ripoti ya shule ya mtoto, ile ambayo Wakongomani na Warundi huiita buletini, ina thamani hata kama imekunjwa na kuchafuka. Anayeishi karibu na mpaka wenye misukosuko aipige picha kila muhula na kuituma kwa ndugu aliye nchi nyingine, kama anavyotunza risiti za mzigo. Aliyekwisha kukimbia anaweza kumwomba mfanyabiashara mwenzake anayerudi upande ule aipitie shule na kuomba nakala yenye muhuri. Wengi wamezipata kwa njia hiyo.

Ya pili ni usajili. Mtoto aandikwe kwenye kadi ya familia ya wakimbizi kwa jina lilelile, kwa herufi zilezile, zilizoko kwenye ripoti ya shule. Herufi moja ikitofautiana huonekana ndogo darasa la tatu na huwa kesi siku ya kusajiliwa kwa mtihani.

Ya tatu ni jaribio. Mzazi ana haki ya kuomba kwa heshima kwamba mtoto apimwe hesabu kwa namba tupu, bila maelezo ya Kiingereza, kabla ya kupangiwa darasa. Amweleze mwalimu habari ya mkato na nukta. Walimu wengi hawajawahi kuambiwa, na wakiambiwa huelewa papo hapo. Akiweza, aombe mtoto ashushwe darasa moja kwa ahadi ya kupimwa tena mwisho wa muhula, badala ya matatu bila ahadi.

Kwa aliyefika sekondari, kulinganisha vyeti Uganda ni kazi ya Baraza la Mitihani, UNEB, na hati ya Kifaransa itahitaji tafsiri ya Kiingereza inayotambulika. Ni gharama, na inachukua muda. Inafaa ianzwe mapema, si wiki ya kufungua shule.

Hatua hizo zinamsaidia mtoto mmoja mmoja. Haziondoi hitaji la ile fomu ya ukurasa mmoja, ambayo wafanyabiashara wana sababu na sauti ya kuidai. Vyama vyao huketi na maofisa wa forodha na wa Jumuiya pale mpakani, na kwa kudai mara kwa mara walipata utaratibu rahisi wa bidhaa. Katika mkutano ujao, baada ya ajenda ya ushuru na ya mizani, mmoja wao anaweza kuinua mkono na kuuliza swali moja: kama maharage ya Kenya yanatambulika Uganda kuwa maharage, kwa nini darasa la tano la Goma lisitambulike kuwa darasa la tano?